Mkulima wa Karatasi

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la neno moja tu: mfano.

Kabla sijalieleza, niseme nilikuwa nani wakati ule. Niliacha shule darasa la tano. Sikufukuzwa, wala sikukosa sare. Siku moja lori la pamba lilipita karibu na shule likielekea kinuni. Nikajiuliza mbegu inatokaje kwenye pamba bila nyuzi kukatika, nikadandia. Nilikaa kinuni siku nne nikitazama, mpaka mlinzi akanipa ufagio ili niwe na sababu ya kuwa pale. Darasani sikurudi. Baadaye nilichunga ng'ombe Meatu, nikapakia ng'ombe kwenye malori mnadani Mwandoya, nikazunguka na fundi saa ambaye saa zenyewe hakuzijua vizuri, nikaishia Dutwa nikiziba pancha za baiskeli. Mama alisema nina miguu ya mbwa wa mnadani. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikikaa mahali mpaka nielewe kitu cha pale kinafanyaje kazi, kisha naondoka.

Miaka hiyo soko lilikuwa limefunguliwa. Nilipokuwa mdogo pamba ilikuwa na mlango mmoja: unaipeleka kwenye ghala la chama cha ushirika, inapimwa, unasubiri. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wanakuja na mizani zao, wanazitundika chini ya turubai, kila mmoja akisema mizani ya mwenzake ina ugonjwa. Redio ilisema mkulima yuko huru. Kwetu, ambako bado tulikuwa tunahesabiwa mkoa wa Shinyanga, watu walilipokea neno hilo kama wanavyompokea mgeni wasiyemjua: wakalipatia kigoda, wakakaa kulitazama.

Mtafiti alinikuta Dutwa kwa sababu ya pancha. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mama wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa Tanga, mwenye Kiswahili chenye vyumba vingi kuliko chetu. Nilikuwa nimezamisha mpira kwenye karai nikitafuta tundu aliponiuliza:

"Kaka, kaya mnaiitaje kwa Kisukuma?"

"Kaya."

"Ndiyo, kaya. Kwa Kisukuma?"

"Kaya, dada. Neno ni letu. Serikali imeazima."

"Wadigo nao wanalo," akasema.

"Basi nao waliazima."

Alicheka, akachuchumaa karibu na karai, na tulipomaliza ule mpira tulikuwa tumeshazungumza habari za wajomba, mahari, na kwa nini mtu mwenye wake watatu ana majiko matatu lakini kaya moja. Akaniuliza kama najua kuandika. Nikamwambia naandika polepole lakini sichoki. Kesho yake nilikuwa mkalimani wake, nikaanza kumwita mwalimu.

Kijiji tulichokwenda kiko upande wa Nkoma, kwenye udongo mweusi wa mbuga. Mwalimu alikuwa na fomu. Ukurasa wa kwanza ulimweleza mkulima mmoja: ana ardhi yake, ana mifugo yake, anajua bei ya kila mizani, anaamua peke yake, anauza kwa amtakaye. Chini yake kulikuwa na visanduku vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha kaya zilizo karibu na mkulima huyo, cha pili za katikati, cha tatu zilizo mbali naye. Alitaka kujua katika soko huria nani hasa yuko huru na nani anaambiwa tu.

Kulikuwa na jambo jingine. Mradi mmoja wa wilaya ulikuwa na maksai wachache waliofundishwa kulima, wa kugawiwa wawili wawili pamoja na plau, kabla ya mvua za kupandia pamba. Waliomba watumie mgawanyo wa mwalimu: kaya za kisanduku cha tatu ndizo zipewe. Mwalimu alikubali, ila alinikataza kuwaambia watu, ili wasije wakajibu kwa kuwalenga maksai.

Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akasema, "Nimekuja na modeli ya mkulima." Halafu akanigeukia.

Kwa Kisukuma sikuwa na neno la modeli. Nikachukua la Kiswahili lililo karibu, nikasema amekuja na mfano wa mkulima. Kisha kwa ukarimu wangu mwenyewe nikaongeza: "Anataka kuona nani kati yenu anafanana naye."

Watu waliitikia kwa vichwa, wakatazamana. Nilifurahi. Nilidhani wameelewa.

Walikuwa wameelewa, ndiyo, lakini si jambo letu. Kwetu mkulima wa mfano alikuwa anajulikana tangu zamani. Ni yule aliyechaguliwa na bwana shamba, anapewa jembe au cheti, wageni wanaletwa kuona shamba lake, na yeye anasimama mbele ya mistari iliyonyooka akiwa amevaa viatu. Kumbe nilikuwa nimetangaza mashindano.

Kesho yake tulianza kuzunguka kwa baiskeli. Kila ua ulikuwa umefagiliwa. Mzee mmoja alitupokea amevaa koti la harusi, jua likiwa kali. Mazizi yalikuwa yamejaa. Katika kaya ya pili nilimwona ng'ombe jike mwekundu mwenye sikio la kushoto lililochanika. Katika kaya ya tano nikamwona tena.

"Baba," nikamwambia mwenye mji, "huyu tumekutana naye asubuhi."

"Ng'ombe wana miguu," akajibu, bila kunitazama.

Mwalimu aliandika. Siku ya tatu yule mwekundu alikuwa amehesabiwa mara nne. Nilidhani ni ule ujanja wa kawaida wa kumdanganya mgeni, na kwa kuwa ulinichekesha nikanyamaza. Hilo nalihesabu kuwa kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza.

Siku hiyo ya tatu tulifika kwa mama mmoja mjane. Kaya yake ilizungukwa na ua wa minyaa, na yeye alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Aliishi na wajukuu watatu. Ua wake haukuwa umefagiliwa zaidi ya siku nyingine, maana mkutanoni hakuja. Zizi lake lilikuwa limejaa, na kwake hapakuwa na ng'ombe wa kuazima tangu jana: samadi ilikuwa nene, kamba zilikuwa za zamani.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu. Mayu ni mama.

"Mwangaluka, ng'wana wane." Mwanangu.

Nikamuuliza kama fomu ilivyosema: ng'ombe waliomo zizini ni wangapi?

"Kumi na tisa," akasema. Alijibu alichoulizwa. Mwalimu akamweka kisanduku cha kwanza, tukanywa maziwa mgando, tukaondoka.

Jumatatu iliyofuata mwenyekiti wa kijiji aliomba majina yasomwe ofisini kabla ofisa wa mradi hajaja kuyachukua Ijumaa. Watu wakajaa. Mwenyekiti akaeleza sasa habari ya maksai na plau, kwamba ni za kisanduku cha tatu. Karibu kijiji chote kilikuwa kisanduku cha kwanza.

"Kwa hiyo sisi ni matajiri," akasema yule mzee wa koti.

"Wewe hasa," akajibiwa kutoka nyuma. "Tuliona koti."

Watu wakacheka, yeye mwenyewe pia. Katika kisanduku cha tatu kulikuwa na majina machache, na mojawapo lilikuwa la mjumbe wa halmashauri ya kijiji, mtu mzima wa maneno machache ambaye hakuwa na hata ndama nyumbani. Yeye peke yake, kati ya waliokuwa mkutanoni, hakuwa ameazima hata kuku.

Yule mama hakucheka. Alinifuata mpaka kwenye baiskeli.

"Ng'wana wane, nani alikuambia mimi ni tajiri?"

"Ulisema kumi na tisa, mayu."

"Uliniuliza waliomo. Mbona hukuniuliza wa nani?"

Nilikuwa nimechunga Meatu. Nilijua kubilisa kabla sijajua kuandika jina langu: mwenye ng'ombe anamkabidhi mwingine amtunzie, mtunzaji anakunywa maziwa na kuchukua samadi, lakini ndama ni wa mwenyewe, na ng'ombe akifa ngozi inapelekwa kwa mwenyewe kama ushahidi. Hakuna anayemfunga nira bila ruhusa. Nilijua yote hayo, nikasimama mbele ya zizi nikahesabu pembe kama mtu aliyeshuka kwenye ndege.

"Ni wa nani?" nikamuuliza.

"Sasa ndiyo unauliza." Akavuta khanga begani. "Mwenyewe hataki wajulikane. Ana sababu zake, wakwe, ndugu, sijui. Nikisema jina likaandikwa, anakuja kuwachukua, na mimi watoto wanakunywa nini? Na nisiposema, nabaki tajiri wenu. Mwaka wa jana nimelima pamba kwa mkono, mistari miwili naenda kukaa. Mwaka huu goti limekataa."

"Nitarekebisha, mayu."

"Utarekebishaje bila kusema?"

Nikamwambia tena nitarekebisha. Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu wa pancha anayesema tundu ni moja tu, akaondoka akichechemea.

Mwalimu nilimkuta kwenye chumba alichopewa nyuma ya ofisi ya kijiji, fomu zimetandazwa kitandani kwa kuwa meza haikutosha. Nilimwambia yote bila kukaa: mfano, mashindano, sikio lililochanika, kubilisa.

Akaokota fomu moja kitandani.

"Huyo ng'ombe mwenye sikio. Nimemwandika mara ngapi?"

"Nne, mwalimu."

"Na wewe ulikuwa umesimama ubavuni kwangu."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniuliza modeli ni nini?"

"Nilidhani najua."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, juu ya fomu zake mwenyewe. Hakunifokea. Alinieleza, polepole, kama mtu anayefungua mzigo aliofunga vibaya. "Modeli si mtu wa kuigwa. Wala si picha ya mtu. Huyu mkulima wangu hayupo popote. Sikumwona Tanga, sikumwona hapa Bariadi. Nimemtengeneza."

"Sasa asiyekuwepo atatusaidia nini? Waliopo wanatutosha."

"Waliopo kila mmoja ana mambo mia. Ukiwatazama wote kwa pamoja huoni kitu. Ukitengeneza mmoja mwepesi, mwenye mambo matano tu, ukamsimamisha kando ya kila mmoja wao, unaona wanaachana naye wapi. Pale wanapoachana ndipo pa kuuliza."

Nilitoka nje nikasimama. Mbele ya ofisi kulikuwa na shamba la mtu, mabua ya mwaka jana bado yamesimama. Nikalipima kwa macho, kama tunavyofanya wote bila kukusudia. Kwetu eka ni hatua sabini kwa sabini. Nikarudi ndani.

"Ni kama eka," nikasema.

"Kama eka vipi?"

"Hakuna shamba hapa lenye hatua sabini kila upande. Hili lina kichuguu, lile limekatwa na korongo. Na hatua za mrefu si za mfupi. Eka yenyewe hakuna aliyewahi kuiona. Lakini bila eka hatuwezi hata kugombana kuhusu shamba."

Mwalimu akanipa kalamu. "Andika hiyo, kabla hujaisahau." Nikaiandika kwa mwandiko wangu wa darasa la tano. Karatasi ile ninayo.

"Ila eka yako, mwalimu, umeipima vibaya," nikaendelea, kwa sababu sasa nilikuwa nimeona jinsi kitu kinavyofanya kazi na sikuweza kunyamaza. "Unahesabu waliomo zizini. Huku zizi halisemi kitu. Mwenye zizi tupu anaweza kuwa na ng'ombe katika kaya sita."

"Basi tuulize ng'ombe ni wa nani."

"Leo wamesikia habari za maksai. Kila mmoja atasema si wake."

"Tuulize akifa, ngozi inapelekwa kwa nani."

"Hapo umemtaja mwenyewe. Yule mama anapoteza maziwa."

Nikamkumbuka mjomba wangu. Bibi alipofariki, watu walikuwa wamekaa msibani, zizi la mjomba limejaa, na hakuna aliyechinja. Mjomba alikuwa ameondoka kwa miguu kwenda kuomba ruhusa kwa mwenye ng'ombe, mwendo wa nusu siku. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka aliporudi: alikuwa anatembea polepole, na watu walitazama chini ili asione kwamba wameona.

Nikamwambia mwalimu swali: "Ukifiwa leo, unaweza kuchinja ng'ombe mmoja bila kwanza kwenda kumwomba mtu?"

Alilirudia mara mbili, midomo ikitembea. "Ndiyo au hapana. Halitaji jina." Kisha akaweka kalamu chini. "Na wakidanganya?"

"Mwanamume wa huku aliye na ng'ombe hatasema hawezi kuchinja kwenye msiba wake. Atakosa plau, lakini aibu hiyo hataibeba. Na asiyeweza hatajisifu, maana msiba hautaniwi. Ukiusingizia unakuja."

Mwalimu alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akachukua fomu ya juu, akakata kwa mstari mmoja swali la ng'ombe waliomo, akaandika lile jipya pembeni. "Nilikuwa napima kuwa nacho," akasema, zaidi kwa nafsi yake. "Nilipaswa kupima kuamua." Akainua macho. "Ni Jumatatu. Kaya zote, mpaka Alhamisi?"

"Nipe baiskeli zote mbili. Moja ikiharibika nachukua nyingine."

Na ndivyo tulivyofanya, ila yeye hakukubali kubaki. Tulianza kila siku kabla ya jua kuchomoza na tulirudi miguu imejaa vumbi jeusi mpaka magotini. Nilikuwa nimekata shauri kwamba hakuna kaya itakayorukwa, hata ile iliyo ng'ambo ya korongo ambako baiskeli hubebwa begani. Maishani nilikuwa nimeacha kila kitu katikati. Hiki nilitaka kukimaliza.

Kila mahali nilianza kwa kulitupa lile neno langu. "Hakuna mashindano," nilisema. "Yule mkulima si wa mfano. Ni wa karatasi. Ni kipimo, kama eka. Wewe umewahi kuona eka?"

"Mimi ninazo tatu," akajibu mzee wa koti, safari hii akiwa na fulana.

"Twende tukapime moja."

Akafikiri. "Acha tu. Kuna kichuguu."

Na jinsi watu wetu walivyo, kipimo hakikupita siku moja bila kupata utani. Alhamisi asubuhi nilisikia mama mmoja akimwambia mumewe, "Mwite huyo mkulima wa karatasi aje apalilie, wewe umechoka."

Majibu yalikuja tofauti na mazizi. Mwenye zizi kubwa kuliko wote alitazama ukutani akasema hapana, hawezi. Mwenye mbuzi wawili tu alisema ndiyo bila kusita, kisha akakohoa. Wawili najua walidanganya, maana niliwajua ndugu zao. Wengine, kama nilivyotarajia, hawakuweza kulichezea swali lile. Wakati mwingine mtu alinyamaza muda mrefu kabla ya kujibu, na mwalimu akajifunza kutomharakisha.

Yule mjumbe wa halmashauri tulimwacha karibu na mwisho. Alitupokea vizuri, akatupa vigoda viwili. Uwanja wake ulikuwa safi na zizi lake lilikuwa limeota majani. Akisema hapana, anabaki kisanduku cha tatu na maksai ni wake. Nikamuuliza.

Alichukua kijiti akachora kitu ardhini, akakifuta kwa wayo.

"Swali hili nani amekupa?"

"Ni la mwalimu, baba."

"Mwalimu ni wa huko," akasema. "Swali hili ni la huku."

Aliniangalia, na nadhani alijua kwamba nashuku ana ng'ombe katika mazizi ya watu, na mimi nikajua kwamba amejua. Lakini sikuwa na jina lolote mkononi, nilikuwa na kalamu tu.

"Kwa hiyo mzee wangu akifa," akasema taratibu, "nisimame mbele ya ukoo niseme ngojeni kwanza nikaombe?"

"Fomu inauliza tu, baba."

"Andika ndiyo." Akasimama. "Naweza. Hata wawili."

Nikaandika. Jina lake likatoka kisanduku cha tatu likapanda. Yule mama tulimfuata jioni ya siku hiyohiyo. Alikuwa anakamua. Nilipomuuliza, hakuacha.

"Hapana," akasema. "Hata ndama."

Ijumaa ofisa wa mradi alikuja kutoka wilayani na faili. Alikuwa kijana nadhifu, na kazi yake alikuwa anaijua. Watu walijaa ofisini mpaka mlangoni. Alisoma kisanduku cha tatu jina kwa jina, akafika kwa yule mama akasimama.

"Huyu nimepita kwake. Zizi limejaa. Mwalimu, kuna makosa hapa."

"Hakuna," akasema mwalimu. "Fomu haikuuliza zizi."

"Lakini macho yangu yameliona zizi." Akamgeukia mama. "Mama, wale ng'ombe ni wa nani?"

Kila aliyekuwa mle ndani alijua kubilisa. Nusu yao nadhani walijua pia jina. Hakuna aliyefungua mdomo. Yule mama alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono juu ya goti lake bovu, na niliona anaanza kuvuta pumzi ya mtu anayekwenda kuchagua kati ya maziwa na shamba.

"Mayu, usijibu," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Ofisa akanitazama, mtu wa pancha mwenye ndala. Nikaendelea kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. "Swali hilo halimo, bwana. Kaya zote zimeulizwa swali moja, tangu wa kwanza mpaka wa mwisho. Ukimuuliza yeye la pili, itabidi uwaulize wote waliomo humu. Uanze na wenye mazizi, kisha uje kwa wasio na mazizi."

Pakawa na msogeo kwenye mabenchi. Wanaume wengi walionekana ghafla wanapendezwa na dari.

"Uwaulize nini wasio na mazizi?" akasema ofisa.

"Ng'ombe wao wako wapi."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mwenyekiti wa kijiji akafuta uso kwa kitambaa. Aliyesema ni yule mjumbe, kutoka pembeni karibu na dirisha, bila kusimama:

"Mwandikeni huyo mama. Mawingu yameshakaa upande wa ziwa, na sisi tunahesabu mikia."

Ofisa alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Ofisa akaweka alama mbele ya jina, akageuza ukurasa.

Mjumbe yule hakumsogelea yule mama siku ile, wala hakumtazama. Ng'ombe kumi na tisa walibaki walipo. Ndama aliyezaliwa mwezi uliofuata akawafanya ishirini, na hakuna aliyeandika.

Maksai wa yule mama walikuja wakiwa wawili, mmoja wa kijivu na mmoja mweusi mwenye kiburi. Nilikuwa niondoke wiki ile, mwalimu akiwa amesharudi Dar es Salaam na mimi nikiwa nimesikia kuna mtu Mwandoya anayechimba visima kwa mashine ya miguu. Lakini mvua ya kwanza ilinyesha na yule mama hakuwa na mtu wa kuongoza maksai, kwa hiyo nikakaa. Mimi nilitangulia mbele nimeshika kamba, yeye nyuma ameshika mikono ya plau. Goti lake lilimruhusu kufuata kuliko kuinama. Mtaro wa kwanza ulipinda kama njia ya mlevi. Wa pili ulinyooka kidogo.

Tulipofika mwisho wa wa tatu alisimama kupumua.

"Huyo mkulima wenu wa karatasi," akasema, "yeye akifiwa, anaweza kuchinja bila kumwomba mtu?"

"Anaweza, mayu. Anaamua kila kitu peke yake. Ndivyo alivyotengenezwa."

Aliliwaza hilo huku akikwangua udongo kwenye plau kwa kisigino. "Hapa hata wenye ng'ombe huuliza," akasema. "Wanasema naweza, halafu usiku ule wa msiba wanamfuata kaka yao pembeni." Akashika tena mikono ya plau. "Huyo wenu hana ndugu. Maskini. Geuza maksai."

Jioni nilimwandikia mwalimu maneno hayo kama yalivyo, na barua nikampa kondakta wa basi la Bariadi. Kesho yake tulilima mpaka kwenye korongo. Nikalipima shamba kwa miguu: hatua sabini tulizikosa kwa sita.